Karatasi ya Malaba haikuniuliza lini

Mhariri,

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Mombasa na Kampala, mwaka wa 16 sasa. Naomba nafasi niseme juu ya karatasi niliyopewa kwenye hema la kupima VVU, tukiwa foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Siku hiyo nilikuwa na homa ya siku nne. Koo lauma, tezi za shingo zimevimba, kifuani vipele ambavyo utingo wangu alisema ni joto la injini. Zahanati ya jirani walipima malaria wakakosa, wakanipa dawa ya malaria vilevile (tumezoea). Hemani nikatobolewa kidole, nikangoja, mstari ukatoka mmoja. Musawo, yaani mhudumu wa afya, akatabasamu: "Mzee, uko salama." Hakuniuliza mara ya mwisho nililala na nani, wala lini. Angeniuliza ningemwambia: wiki mbili zilizopita, bila mpira. Kwenye karatasi palikuwa na nafasi ya tarehe ya kurudi. Iliachwa wazi.

Nikaiweka pamoja na leseni. Tororo nikamwonyesha mama watoto, na mpira tukaachana nao. Miezi minne baadaye, kliniki ya wajawazito, mistari ikawa miwili. Yeye ndiye aliyelia kwanza, mimi nikaitwa nyuma yake. Ukoo wangu ukaanza kumnyooshea yeye kidole, mpaka nilipowakalisha nikasema ukweli.

Musawo hakudanganya. Kijiti kile cha kupimia kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupigana na kirusi, na mwili huchukua wiki kadhaa, wengine hadi miezi mitatu, kuzitengeneza za kutosha kuonekana. Mimi kirusi kilikuwa tele damuni, kingamwili bado. Na hapo ndipo mtu anapoambukiza kwa urahisi zaidi: utafiti wa wanandoa wa Rakai, hapa hapa kwetu Uganda, ulionyesha hivyo mwaka 2005. Nyumbani kwangu hawakuhitaji utafiti.

Mtoto alipofika wiki sita walimchoma kisigino, matone yakakaushwa kwenye kadi, bodaboda ya kituo ikaichukua kuelekea maabara ya Kampala. Mtoto hapimwi kwa kijiti, kwa kuwa kingamwili za mama bado zimo mwilini mwake. Hutafutwa kirusi chenyewe. Alhamdulillahi, hana. Nikabaki najiuliza: kadi ile ile, pikipiki ile ile, kwa nini isichukue na damu ya mtu mzima mwenye homa isiyo malaria, aliyelala na mtu bila kinga mwezi huu?

Najua wataniambia ni ghali. Basi damu za watu kumi zichanganywe zipimwe kwa mara moja. Zikiwa safi wote kumi wamemalizwa, zisipokuwa safi ndipo achunguzwe mmoja mmoja. Jimbo la North Carolina, Marekani, lilianza kuchanganya hivyo mwaka 2002. Hata kabla ya hapo, swali la "lini?" halina gharama, na kalamu ya kujaza tarehe ya kurudi musawo anayo mkononi.

Kuna anayesema sisi madereva hatungoji majibu. Kweli, majibu yakija huenda niko Elegu, mpakani na Sudan Kusini, au nimeshaingia Juba. Simu ninayo. Na huyo anayesema hatujui kungoja, siku moja alale nasi kwenye foleni ya Malaba.

Dereva,
Tororo