Mguu wa kushoto: barua kwa binti yangu kabla hajaenda Mgeta

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliponipigia simu kuniambia umepangiwa kazi Mgeta, sijaacha kuwasimulia watu pale sokoni. Kabichi, karoti na njegere tunazopokea Ilala alfajiri, nyingi zinatoka hukohuko kwenye milima ya Uluguru, na leo mtoto wangu ndiye anakwenda kuwa afisa ugani wa wakulima wale. Mungu akubariki sana. Ila uliposema gari la ofisi ni pikapu ya gia, na kwamba unafikiria kuomba upewe dereva, moyo wangu haukutulia. Mambo haya hayasemeki vizuri kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Usiombe dereva, mama. Ukiwa na dereva, siku yako inapangwa na dereva. Akiugua, mkulima wa mlimani hamwoni mtu. Akienda msibani, na wewe unakaa ofisini na makaratasi. Na wapo watakaokwambia gari la gia ni la wanaume. Mimi nimelea familia hii nikiwa nyuma ya usukani wa kirikuu, kigari changu kidogo cha mizigo chenye gia tano, kutoka Kimara mpaka Ilala na kurudi, na nakuambia hakuna kitu mle ndani kinachohitaji misuli.

Leseni unayo, barabara unaijua, vibao unavisoma. IST ya kaka yako umeiendesha mpaka Bagamoyo. Kilichobaki ni mguu wako wa kushoto, ambao kwenye gari la oto kama hilo, linalojipangia gia lenyewe, unakaa bure. Nataka uelewe mguu ule unafanya nini, maana wengi wanafundishwa kukanyaga na kuachia tu, hawaambiwi kwa nini, na ndiyo maana wanaogopa miaka yote.

Injini ikishawaka haisimami. Hata ukiwa umesimama kwenye taa za Magomeni, yenyewe inazunguka, mara 700 au 800 kwa dakika, na hicho ndicho kiasi chake cha chini kabisa. Wakati huohuo tairi zimetulia tuli. Sasa kitu kinachozunguka na kitu kilichosimama lazima vikutanishwe bila kugongana, na kazi hiyo ndiyo ya klachi. Mle ndani kuna sahani, mafundi wanaiita klachi pleti, inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedeli unaiachanisha, ukiachia inabana. Ukiachia kwa pupa, tairi zilizosimama zinaikaba injini, gari linaruka na kuzima. Ukiachia taratibu, sahani inateleza kidogo kwanza huku ikivuta tairi, mpaka vyote viwe na mwendo mmoja.

Mwangalie konda anavyodandia daladala iliyokwisha kuondoka. Hasimami wima akaurukia mlango. Anakimbia kwanza ubavuni mpaka mwendo wake ulingane na wa gari, ndipo anatia mguu. Ile hatua yake ya kukimbia ubavuni ndiyo unayoitafuta wewe kwenye pedeli, na wenyewe wanaiita hafu klachi.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatutagusa mafuta kabisa. Tutakwenda uwanjani, pale penye tambarare, utie namba moja, halafu uinue mguu wa kushoto polepole mpaka gari lenyewe lianze kutambaa. Kisha ukanyage tena lisimame. Halafu tena, na tena, mpaka uchoke. Kirikuu ni mwalimu mzuri kwa hili kwa sababu injini yake iko chini ya kiti, utaisikia mpaka mapajani. Pedeli ikifika mahali pake, mlio wa injini unashuka, unakuwa mzito, na kiti kinatetemeka kidogo. Hapo ndipo inapokamata. Shusha mguu nukta moja, mlio unapanda tena. Usiangalie chini. Mguu utapajua wenyewe, na kila gari lina pake: la ofisini linaweza kukamata karibu na sakafu, au juu kabisa. Ndiyo maana ukipewa gari geni, kitu cha kwanza ni kulitafutia mahali pake kabla hujaingia barabarani.

Gia zenyewe zisikutie hofu. Namba moja ina nguvu na haina mbio, namba tano ina mbio na haina nguvu, na za katikati zinafuata mpango huohuo. Huhitaji kukariri kilomita. Sikia injini: ikilalamika kwa sauti nyembamba inataka gia ya juu, ikikohoa na gari kutikisika inataka upangue. Kwa vile usukani wetu uko kulia, gia unapanga kwa mkono wa kushoto. Shika kirungu kwa kiganja, usikikabe, kisukume kwenda unakotaka na kitaingia. Kikigoma, kanyaga klachi mpaka mwisho ujaribu tena, usitumie nguvu. Malori ya zamani ndiyo yalihitaji ubingwa, dereva anakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia ili meno yasikwaruzane. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta mwaka 1928 kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno ndani ya giaboksi, na leo karibu kila gari dogo linacho. Rivasi ndiyo mara nyingi haina, kwa hiyo usiitie gari likiwa bado linasogea hata kidogo. Utasikia chuma kinalia.

Nikifika kwenye mlima nataka unisikilize kwa makini zaidi, maana huko ndiko unakokwenda kuishi. Kule kwetu Kimara vichochoro vina miinuko ya kutosha kujifunzia. Gari limesimama, pua imetazama juu, vuta hendibreki. Kanyaga klachi, tia namba moja, ongeza mafuta kidogo, inua mguu wa kushoto mpaka mlio ushuke na uhisi gari linataka kwenda lakini hendibreki inalizuia. Lisubiri hapo. Ukishahisi limeshika, achia hendibreki taratibu, nalo litapanda bila kurudi nyuma hata kwa upana wa kidole. Ukiweza Kimara, nitakupeleka Kigamboni kwa pantoni. Maji yakikupwa, ile njia ya kutokea kwenye pantoni inakuwa mlima kweli, mbele yako bajaji, nyuma yako watu na mikokoteni, na huwezi kurudi nyuma. Watakupigia honi. Waache wapige. Honi haijawahi kuwasha gari la mtu. Likizima, klachi chini, hendibreki juu, washa, anza upya kwa mwendo wako.

Kushuka ndiyo hatari zaidi kuliko kupanda, na jambo hilo gari la oto linaweza kumsahaulisha mtu. Mteremko unashukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Ukishuka kutoka Mgeta na namba mbili, injini yenyewe inalizuia gari, breki unazigusa tu kwenye kona. Ukiliachia kwa nyutro, yaani bila gia yoyote, ili kubana mafuta, kama nilivyoona vijana wengi wakifanya, mzigo wote unabaki kwenye breki, zinapata moto, na breki zilizopata moto sana hazishiki. Nakuomba kama mama yako, usishuke mlima na nyutro hata siku moja, na usishuke ukiwa umekanyaga klachi, maana ni yaleyale. Hata kwenye kusimama kwa kawaida, anza na breki, klachi ifuate gari likikaribia kusimama. Wanaoanza wengi wanakimbilia klachi kwanza na gari linateleza.

Mengine ni madogo. Foleni ya Ubungo ikikaza, weka nyutro na hendibreki upumzishe mguu, usikae umeikanyaga klachi dakika kumi. Ukiwa kwenye mwendo, mguu wa kushoto ukae sakafuni pembeni, usiuegemeze kwenye pedeli, kwa sababu hata uzito mdogo unafanya sahani iteleze na kuliwa. Ukisikia harufu kali ya kitu kinachoungua baada ya kuhangaika mlimani, simama, acha ipoe. Na vijijini penye kibao cha 50, namba tatu itakutuliza vizuri kuliko kuvizia trafiki.

Halafu kuna raha moja ambayo kaka yako na IST yake hana. Betri ikikosa nguvu ya kuwasha injini asubuhi ya baridi kule juu, huhitaji fundi. Geuza funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, tia namba mbili, kanyaga klachi, waombe wakulima wakusukume au tumia mteremko ulio wazi mbele yako. Gari likishika mwendo, achia klachi na liwake, kisha kanyaga tena haraka lisizime. Tutalifanya hili siku ya pili, na vijana wa pale kwa muuza mkaa watatusukuma.

Ukishazoea uwanjani na vichochoroni, utaendesha kirikuu ikiwa na mzigo, kutoka Ilala kurudi huku. Nitapakia matenga ya nyanya, na za juu sitazifunika. Ukipanga gia kwa kushtua, zitadunda na kupondeka, utaziona kwenye kioo. Mguu ukiwa mlaini zitafika kama zilivyopangwa, na mama Zawadi atazinunua bila kuchagua. Najua utafika huko. Tangu utotoni una mkono mtulivu, ndiye uliyekuwa unamimina mafuta ya taa kwenye koroboi bila kumwaga.

Njoo Ijumaa jioni, Jumamosi nikitoka sokoni tuanze kabla jua halijawa kali. Usije na kandambili wala viatu vya kisigino, vaa raba zenye soli nyembamba ili uhisi pedeli. Na kabla hujaondoka huko, mpigie simu huyo aliyekuwa na pikapu hiyo kabla yako, umuulize klachi ilibadilishwa lini na hendibreki yake inashika au haishiki. Kama haishiki, ombeni itengenezwe kabla hujaipokea. Hilo simamia kabisa, wasikuambie utaizoea.

Mdogo wako anakusalimu, anataka akae nyuma kwenye bodi siku ya mazoezi. Nimemkatalia.

Mama yako akupendaye