Pleti za klachi zinaunguzwa, haziishi zenyewe

Ndugu Mhariri,

Bodaboda akibadilisha pleti za klachi, yaani sahani zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gia, na baada ya miezi michache klachi ikaanza tena kuteleza, lawama zote humwangukia mwenye duka la spea: kauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini pleti nyingi zinazotolewa kwenye injini zimeungua, hazikulika kwa kawaida, na kilichoziunguza kinabaki palepale wakati mpya zinafungwa. Mwenye pikipiki ya cc 125 au 150 anaweza kuifanya kazi hii nyumbani, akaifanya vizuri, mradi asianze na spana.

Aanze na waya wa klachi. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Isipocheza, ni sawa na dereva aliyeshika nusu klachi kutwa nzima: springi hazibani kikamilifu, pleti zinasuguana, zinapata moto. Legeza nati ya kurekebishia, kisha panda kilima kwa gia kubwa na ufungue mafuta. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, hapo pleti zimekwisha. Ikivuta vizuri, hukuhitaji kununua kitu.

Sababu ya pili ni oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, tofauti na ya gari. Chupa yenye maandishi "Energy Conserving" au "Resource Conserving" ina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani kwa oili za pikipiki. Ile ya JASO MB ni ya skuta zisizo na klachi ndani ya oili, iache dukani hata ikiwa rahisi.

Sasa kazi yenyewe. Nunua pleti za msuguano seti nzima, springi seti nzima na gasketi ya kifuniko cha kulia cha injini. Kuchanganya pleti mpya na za zamani, au kubadili springi moja iliyolegea, kunafanya mbano uwe wa upande mmoja tu, na klachi itatetemeka unapoondoka. Pleti mpya zilaze kwenye oili safi usiku kucha. Zikifungwa kavu huweza kuungua dakika za kwanza kabisa.

Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, toa kiki, waya wa klachi na chochote kinachoziba kifuniko. Legeza bolti za kifuniko kidogo kidogo kwa kuvusha, yaani moja kisha ya upande wa pili, na kila bolti ichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake, maana urefu haulingani. Kifuniko kikigoma, kigonge kwa nyundo ya mpira. Anayeingiza bisibisi kwenye maungio anaikwaruza alumini, na injini itavuja oili miaka yote.

Bolti za springi nazo zilegezwe kwa kuvusha. Kwenye injini nyingi za muundo wa Honda CG125, pleti hazitoki mpaka habu, yaani kitovu cha katikati ya klachi, itoke, na habu imeshikwa na pete ya kubania. Tumia koleo la pete. Bisibisi huirusha pete ikapotea au ikatua ndani ya injini.

Pleti za chuma usizirudishe kwa mazoea. Laza kila moja juu ya kioo na ujaribu kupitisha fila geji (kibapa chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.2 pembeni. Ikipita, pleti imepinda. Ikiwa na madoa ya bluu, imeshapikwa, badilisha. Kisha pitisha kidole kwenye meno ya hausingi, yaani kikombe cha nje cha klachi, pale masikio ya pleti yanapokaa. Ukihisi vijishimo, pleti zitakuwa zinanasa humo na gia namba moja itaingia kwa kishindo hata ukivuta klachi yote. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa laini. Vikiwa virefu, nunua hausingi.

Kupanga ndiko kunakowashinda wengi. Anza na pleti ya msuguano, fuata ya chuma, endelea hivyo kwa zamu, umalizie na ya msuguano. Meno ya sahani ya kubania yaliyo nyuma lazima yaingie sawasawa kwenye nafasi za habu. Yakikaa juu ya ukingo, kila kitu kitaonekana kimefungwa, ila pikipiki haitatembea. Shika fungu zima kwa vidole: likibana pasipo pengo, yameingia. Bolti za springi kwa kawaida ni za milimita 6; zinataka nguvu ya Nm (nyutonimita) 10 hadi 12 tu. Anayezikaza kwa mpini mrefu hung'oa nyuzi za alumini.

Kabla ya kufunga, safisha kikombe cha kuchuja oili kilicho kwenye ncha ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini), kama injini yako inacho. Unga wa pleti zilizoungua hujikusanya humo kama matope meusi, na watu wengi hawajui hata kama kipo. Kwangua gasketi ya zamani yote, hakikisha pini mbili za kuongozea zimo, weka oili mpya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, halafu rekebisha waya upya. Siku za mwanzo usipakie mishikaki wala mifuko ya saruji, na baada ya kilomita 100 hivi pima tena mchezo wa mkono wa klachi, kwa sababu pleti mpya zikishakaa, mchezo huo hupungua.

Anayempelekea fundi aombe arudishiwe pleti za zamani. Zikiwa nyembamba lakini za rangi ya kawaida, zimefanya kazi yake. Zikiwa nyeusi, zinang'aa na zinanuka kuungua, muulize fundi swali moja kabla ya kulipa: waya na oili umevifanyaje?

Fundi pikipiki,
Morogoro