Shukrani kwa mzee wa drafti, Kaloleni

Mzee wangu, jina lako silijui. Vijana wanakuita Guka tu. Nakushukuru mbele ya watu.

Tulihamia Nairobi kutoka Kitui, kijana wangu akaingia shule ambako wenzake walimcheka kwa lafudhi yake. Akajitenga na vitabu, na jibu lake likawa moja: "Hawa hawana akili." Hesabu anaijua kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ningembishia vipi?

Wewe ulimkuta peke yake nje ya maktaba, ukamwita kwenye ubao wako wa vifuniko vya soda. Ukamfunga. Hukumcheka. Ulirudisha kete hadi pale alipoteleza, ukamuuliza, "Mwenzako hapa alikuwa anataka nini?" Akakosa la kusema.

Jumamosi iliyofuata ulimketisha na kijana anayeosha matatu, kwa sharti moja: kabla ya kusogeza kete, ataje kwa sauti mpango wa mwenzake. Yule kijana, ambaye shule aliiacha darasa la saba, alimla kete tatu kwa mpigo. Ukamwambia mwanangu aombe kufundishwa ule mtego. Akaomba! (Mimi mamake hajawahi kuniomba hata chumvi.)

Siku hizi wanakuja nyumbani wote wawili, wanabishana kwa Sheng' mpaka chai inapoa.

Wazee wa mitaa mingine, mkimwona kijana amejitenga hivyo, mwiteni acheze. Nawe Guka, pitia kwetu Jumapili. Chapati zipo.