Yule si papa, Mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi nimsemee samaki aliyekufa zamani mno, asiye na wa kumtetea. Jumamosi iliyopita ukurasa wa watoto katika gazeti lako ulimchora helikoprioni, na chini yake mkaandika kwa herufi nene "Papa wa Kale Mwenye Msumeno". Huo msumeno wa meno mchoraji kauning'iniza nje ya kidevu kama mkonga wa tembo. Mjukuu wangu aliikata picha akaibandika kwenye daftari. Nilipomwambia yule si papa, akanijibu, "Bibi, gazetini wameandika papa." Hapo nikaishiwa maneno.

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 26. Sasa nauza kamongo wa moshi hapa Mwaloni, Kirumba (na kamongo ananilipa kuliko chaki). Huku hatuchezei jina la samaki. Muuzie mtu mbofu ukimwita sangara, utarudisha hela mbele za watu.

Basi nikamwonyesha mjukuu kitu. Niliwahi kuacha kichwa cha kamongo juu ya bati nyuma ya jiko. Sisimizi wakaingia, jua nalo likapiga. Gegedu, ule mfupa laini, ikanywea, ikajikunja kama ganda la ndizi, mwisho ikapotea. Vikabaki vipande vichache vya mfupa na mabamba manne ya meno, mawili ya juu na mawili ya chini, kila moja na matuta yake matatu makali. Nikampa akisie ni nini. Akasema kucha za ndege.

Sikumcheka. Louis Agassiz, bingwa wa visukuku vya samaki wa karne ya 19, aliyachunguza mabamba ya namna hiyo yaliyogeuka mawe, akayaweka kwenye ukoo wa papa. Mwaka 1870 Gerard Krefft akamtangaza samaki hai wa Australia mwenye meno kama yale. Kumbe ana mapafu, ni ndugu wa kamongo wetu!

Helikoprioni naye yalimkuta hayohayo, maana kiunzi cha mwili wake kilikuwa cha gegedu, na gegedu haidumu. Kwenye miamba hubaki meno tu, yamejiviringa kama gamba la konokono. Mrusi Alexander Karpinsky aliyaeleza mwaka 1899 kutoka Milima ya Ural, akayachora yamepinda juu ya pua. Waliofuata wakayahamishia mgongoni, wengine mkiani. Mchoraji wenu basi ana wenzake.

Jibu lilikuwa ndani ya jiwe moja la Idaho, Marekani, ambalo kwa bahati lilihifadhi na gegedu za mataya. Mwaka 2013 Leif Tapanila na wenzake walitangaza walichokiona baada ya kulipiga skani: duara la sentimita 23 hivi, meno 117, limeenea taya lote la chini, ndani ya mdomo. Meno mapya yaliota nyuma yakayasukuma ya zamani mbele, kisha chini, hadi yale ya utotoni yakabaki katikati kabisa. Papa tunayemjua hudondosha meno yake. Huyu aliyatunza yote.

Skani hiyo ilionyesha pia jinsi taya la juu lilivyoshikizwa kwenye fuvu, sehemu mbili, na hilo ndilo lililomtoa kwa papa likampeleka kwa jamaa za kimera, samaki wengine wa gegedu. Hawa wapo hadi leo, wengi wao kwenye kina kirefu cha bahari. Papa ana matundu matano au zaidi ya matamvua kila upande, yote wazi. Kimera analo moja tu, limefunikwa. Ni mabinamu, lakini koo zao zilikuwa zimeachana zamani kabla helikoprioni hajaonekana, na yeye mwenyewe aliishi miaka milioni 270 hivi iliyopita.

Naomba toleo lijalo msahihishe maandishi, na mchoraji aurudishe msumeno mdomoni. Akitaka kuyashika mabamba ya kamongo, nimeyaweka kwenye kopo la majani ya chai, pembeni ya mizani. Aje kabla ya saa nne asubuhi, wateja hawajajaa. Jumapili sipo.

Mwalimu mstaafu, muuza kamongo,
Kirumba, Mwanza