Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu Zanzibar: bamvua liingie kwenye ratiba ya skuli

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Assalamu alaykum warahmatullah.

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa Baiolojia katika skuli ya sekondari iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja. Vilevile mimi ni mtoto wa mkulima wa mwani. Ombi langu ni kwamba watoto wa visiwa hivi wafundishwe misingi ya kilimo cha mwani na ufugaji wa samaki wakiwa bado skuli, na wafundishwe pwani kwenyewe, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hukupwa mbali kuliko kawaida.

Mheshimiwa, kila mtu wa upande wetu anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hutoka mbali kuelekea kwenye mwamba. Siku hizo chache ndizo za kufunga mbegu, kubadilisha vijiti na kuvuna. Na maji ya bamvua kwetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wakati ambao mimi niko darasani na chaki mkononi. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha kumfikisha mtu shambani, basi darasa langu hujaa. Siku za bamvua nikiita majina, mengi hayajibiwi, hasa ya wasichana. Najua waliko. Nami nilikuwa huko.

Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza kwetu mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama yangu aliingia miaka mitatu baadaye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika fedha isiyopitia mkononi mwa mwanamume, na fedha ya kwanza aliyoishika ilininunulia sare. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nikimsaidia kila bamvua, na kila bamvua nilichapwa kwa utoro. Mwalimu aliyenichapa siku moja alirudi darasani akachora jani la muhindi ubaoni, na mishale ya jua, akatufundisha usanisinuru, namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kufunga mbegu za kiumbe kinachoishi kwa mwanga huohuo chini ya maji. Hakuna aliyeniambia kwamba ni jambo moja. Nililijua nilipofika chuo, na nilikaa nalo siku nyingi kwa uchungu.

Uchungu huo haukuwa wa fimbo, Mheshimiwa. Ulikuwa wa mwani uitwao kotoni.

Wakulima wetu hutambua mwani wa aina mbili za biashara. Spinosum ni mgumu kufa na bei yake ni ndogo. Kwa miaka mingi kilo moja kavu haikufika hata shilingi elfu. Kotoni bei yake ni nzuri zaidi, kwa sababu utomvu wake hutoa ute mzito unaotakiwa sana na viwanda vya vyakula na vipodozi, lakini ni dhaifu mbele ya joto. Miaka ya 2000 kotoni ilianza kutufia. Ncha zikawa nyeupe kama chokaa, zikalainika, zikakatika na kwenda na maji. Mama akafunga mbegu upya, zikafa. Akakopa mbegu kwa jirani, nazo zikafa. Wapo waliosema ni jicho la mtu, wapo waliosema bahari imechoka. Nilikuwa sekondari wakati huo, nasoma Baiolojia, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia mama yangu kuhusu kinachomfilisi mbele ya macho yangu.

Leo nalijua. Maji ya kina kifupi yakipata moto kupita kiasi, au mvua za masika zikipunguza chumvi ghafla, mwani hudhoofika, na ukishadhoofika vijidudu huingia. Majani madogo ya mwituni nayo huota juu yake na kuunyima mwanga. Wataalamu wetu wenyewe wameyachunguza haya. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, amewafundisha akina mama kulima kwa nyavu za mfano wa bomba kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto ni dogo na kotoni inaweza kuishi.

Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Mama yangu amelima baharini zaidi ya miaka thelathini na hajui kuogelea. Wenzake wengi hawajui. Walilelewa wakiambiwa bahari ya kina ni ya wanaume. Ndiyo maana nikiulizwa somo hili lianze wapi, nasema lianze kwa kuwafundisha wasichana kuogelea, kwa mavazi ya stara na kwa walimu wanawake. Bila hilo, kila utaalamu mpya utakaoletwa utaishia kwa wavulana, na wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo hiki, watabaki kwenye maji ya magotini wakifunga spinosum.

Nieleze jambo nililojaribu. Msimu mmoja wa kaskazi niliomba ruhusa nikawapeleka wanafunzi wa Kidato cha Pili pwani. Akina mama watatu walitupa kamba tatu na nafasi ya vijiti. Kamba ya kwanza tuliiweka karibu na ufuo, ya pili katikati ya mashamba, ya tatu ukingoni mwa mkondo, ambako maji hayasimami hata yakikupwa. Kila mbegu tuliipima, gramu 100. Vifaa vyetu vilikuwa mizani ya dukani, kipimajoto cha maabara na daftari moja.

Bamvua lililofuata tukarudi kupima, na lile la baadaye pia. Saa sita mchana, maji ya karibu na ufuo yalifika nyuzi 35. Ukingoni mwa mkondo hayakupita 30. Baada ya wiki sita mbegu nyingi za mkondoni zilikuwa zimepita nusu kilo, na za ufuoni nyingine zilikuwa zimekatika, zilizobaki hazikufika robo. Wanafunzi walichora grafu bila ya mimi kuwashurutisha. Walivuna, wakaanika, wakapima tena, wakaona kwa macho yao kwamba kilo saba au nane mbichi humpa mkulima kilo moja kavu. Kisha mmoja akachukua bei ya mnunuzi, akagawanya kwa siku ambazo mama yake huingia pwani kwa mwezi. Akanyamaza. Hesabu ile aliipata sawasawa, naye ni mtoto ambaye kwenye mtihani wa katikati ya muhula hakufikisha alama 30.

Mtoto huyohuyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Mwalimu, kama joto ndilo linaloua, mbona mbegu tunazifunga juani, zimelala juu ya mchanga saa nzima?" Nilimpeleka kwa akina mama, akawauliza mwenyewe, kwa adabu. Walitazamana. Tangu siku hiyo wale watatu hufungia mbegu kivulini na huzifunika kwa polo, yaani gunia, lililoroweshwa maji ya bahari. Nao wakatufundisha sisi: namna ya kukaza fundo lisikate shina, namna ya kuujua mwani mchanga kwa kuushika tu, upepo gani huleta takataka kwenye kamba. Hayo hayamo katika kitabu chochote nilichopewa.

Muhula uliofuata tuliambiwa tuache. Hapakuwa na ubaya wa mtu. Vipindi havikutosha na mtihani ulikuwa karibu. Daftari lile ninalo bado.

Upande wa samaki nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa mambo yake ni mengi. Samaki anayetufaa sisi wa pwani ni mwatiko. Anavumilia maji ya chumvi na yasiyo na chumvi, hula majani madogo yanayoota chini ya bwawa, na maji ya bwawa lake huletwa na kupwa na kujaa bila ya pampu. Bwawa moja dogo la kujifunzia ni maabara kamili. Mwanafunzi akienda alfajiri akawaona samaki wanahema juu ya maji, amejifunza kwamba mimea ya majini hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia. Akitia mkono bwawani na kiganja kikapotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, amejua kwamba maji yana chakula cha kutosha. Kikipotea mapema zaidi, asitie mbolea tena. Na lazima afundishwe mapema kwamba bwawa halichimbwi kwa kufyeka mikoko. Mikoko ndiyo kitalu cha samaki wadogo, na udongo wake ukifukuliwa mara nyingi hugeuka kuwa mchachu na kuua kilichomo bwawani.

Skuli za ndani ya visiwa, mbali na bahari, zinaweza kufuga perege katika bwawa la maji yasiyo na chumvi au hata tangi la saruji. Hapo kuna somo la uzazi lililo wazi kuliko mchoro wowote: perege huzaa mapema mno, bwawa likajaa vitoto visivyokua, na dawa yake ni kuwajua madume na majike na kuwatenganisha. Vifaranga si jambo la kutushinda. Beit el Raas kipo kituo cha Serikali cha kuzalisha vifaranga vya viumbe wa baharini, wakiwemo mwatiko na majongoo bahari, na ni mwendo mfupi kutoka mjini. Sijui mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kuingia mle.

Mheshimiwa, naomba sana jambo hili lisianze kwa kuchimba. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2009 walianzisha mpango mkubwa wa kufufua uchumi, na ndani yake yakachimbwa mabwawa 200 katika kila jimbo, majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Nia ilikuwa njema na samaki waliongezeka kweli. Lakini msaada wa Serikali ulipopungua mabwawa mengi yaliachwa, kwa kuwa chakula cha samaki kilikuwa ghali na wengi hawakuwa na ujuzi wa kuyaendesha peke yao. Mwalimu aandaliwe kwanza, bwawa lifuate. Skuli kumi zenye bwawa moja linalopimwa kila wiki zinanitosha mimi kuliko mia zenye mashimo.

Nazijua hofu zitakazoletwa mezani kwako. Ya kwanza ni kwamba watoto watageuzwa vibarua. Hofu hii ni ya haki na naiunga mkono. Kwa hiyo kamba za skuli ziwe chache, zikihesabika, mavuno yake yaandikwe kwenye daftari linaloonekana na kamati ya skuli na sheha, na mwanafunzi apewe alama kwa vipimo na maelezo yake, kamwe si kwa uzito wa polo alilobeba. Ya pili ni hatari ya bahari. Kuna mawe, kuna viumbe wenye miba, kuna samaki wa sumu wanaojificha mchangani. Viatu vya kufunga viwe sharti, na mama mmoja mzoefu awepo kwa kila watoto kumi. Mama huyo alipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote, kwa sababu ndivyo alivyo. Ya tatu ni mtihani. Hapa sina ufumbuzi mwingine ila huu: kazi ya pwani ihesabiwe ndani ya alama. Isipohesabiwa itaachwa, kama yangu ilivyoachwa.

Tangu mwaka 2020 tuna Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na neno "mafunzo ya amali" limo katika jina la wizara yako. Wataalamu wa kule wana maarifa na vifaranga. Sisi tuna watoto. Nakuomba uitishe kikao kimoja cha wizara hizi mbili na mezani pawepo akina mama wakulima wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, waulizwe kipi wangependa binti zao wakijue ambacho wao hawakufundishwa.

Na ratiba. Skuli za pwani ziruhusiwe kupanga siku mbili za asubuhi katika kila bamvua kuwa siku za pwani, na vipindi vya ubaoni vilivyosogezwa vifidiwe siku za maji mafu. Hakuna saa inayopotea. Wasichana wanaohesabiwa watoro watakuwa darasani, ila darasa lenyewe litakuwa limehamia walipo.

Ratiba ya mfano ya mwaka mzima nimeshaiandika, bamvua kwa bamvua, kwa vipindi vya Kidato cha Kwanza na cha Pili, pamoja na orodha ya vifaa vyote na bei zake za dukani. Naweza kuileta ofisini kwako siku yoyote ya maji mafu.

Wako mtiifu katika kazi,

Mwalimu wa Baiolojia,
Pwani ya mashariki, Unguja