Rehema, Walimuuliza Alama Iko Wapi

Morogoro, Jumapili jioni

Mpenzi Rehema,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Mama miguu bado inamsumbua ila ibadani anafika, na Neema ana habari njema ambayo kaniapisha nisikwambie, atakupigia mwenyewe. Tumekaa kimya mno, kila mmoja akidhani zamu ya kuandika ni ya mwenzake. Hayo tutalaumiana siku nyingine. Leo nakuandikia kwa ajili ya Zuhura, na nakuandikia kama shoga yangu na kama wakili kwa pamoja.

Zuhura alikwenda polisi. Zuhura yule yule ambaye tangu shuleni hapendi kumsumbua mtu. Alikwenda peke yake, Dawati la Jinsia, hakumuaga yeyote, na alipotoka huko ndipo akapitia kwangu. Anasema askari aliyempokea hakuwa na ubaya. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza alama iko wapi. Alama hana. Akamweleza kwamba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anaandikiwa mtu mwenye jeraha la kwenda kumwonyesha daktari, na yeye hana la kuonyesha. Akamshauri arudi nyumbani, waitwe wazee, wayamalize.

Wayamalize yapi? Ngoja nikueleze, maana najua habari zilizokufikia Dodoma ni zile za Mama Shabani, kwamba "wana mtafaruku kidogo".

Shemeji hajawahi kumnyanyulia mkono. Kila anayehadithiwa anaanzia hapo, hata Zuhura mwenyewe hulitanguliza hilo kana kwamba anamtetea. Lakini simu yake inakaguliwa kila usiku, na kila namba mpya ina maswali yake. Akienda sokoni anapigiwa, na asipopokea mara ya kwanza anarudi kukuta mlango umefungwa kwa ndani. Ile cherehani aliyoinunua kwa hela zake za kijumbe iliuzwa yeye akiwa msibani Kilosa. Aliporudi akaambiwa mke wa mtu hana haja ya wateja. Tangu siku hiyo hata hela ya sabuni anaiomba, na akiomba wanaitwa watoto waelezwe kwamba mama yao ni mzigo. Akikasirika anaambiwa ana wazimu, kwao wote wana wazimu, na siku akithubutu kutoka watoto atawaona kwenye picha. Kisha zinafuata siku za kutosemeshwa kabisa, humo humo ndani, chakula kinaliwa na sahani inasukumwa. Wale watoto wakisikia pikipiki ya baba yao wananyamaza wote, hata yule mdogo.

Nilimuuliza atakunywa chai au maji. Akanitazama muda mrefu akitafuta ni jibu gani ninalolitaka mimi. Rehema, huyu ndiye aliyekuwa anabishana na Mwalimu Kessy mbele ya darasa zima! Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Unajua kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa kata, kesi nyingi ninazopokea ni mirathi na matunzo ya watoto. Safari hii nimeichukua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nikaisoma upya kwa macho ya Zuhura. Kifungu cha 66 kiko wazi, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kifungu cha 107 kinakwenda mbali zaidi. Katika mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, umo ukatili, uwe wa kimwili au wa kiakili, aliofanyiwa mwombaji au watoto wa ndoa hiyo. Mwaka 1971! Mimi na wewe hatujazaliwa, na watunga sheria walishajua kwamba mtu anaweza kuumizwa akili ndani ya ndoa.

Sasa angalia walikoliweka jambo hilo. Wameliweka kwenye talaka. Ukatili wa akili unakuwa na uzito siku unapoomba ndoa ivunjwe. Na Zuhura haombi talaka. Nalirudia hili kwa sababu kila anayetaka kumsaidia anakimbilia huko: haombi talaka. Anataka yakome. Anataka mtu mwenye mamlaka amwambie mumewe aache kumtisha kwa watoto, aache kumshikia simu na riziki yake, na akirudia atajibu mbele ya hakimu. Kwa hilo, hakuna kifungu ninachoweza kumshika mkono nikampeleka nacho.

Najua utanikumbusha kwamba mahakama inaweza kumzuia mtu asimbughudhi mwenzi wake. Ndiyo, lakini kwa nilivyoisoma, amri hiyo inatolewa shauri la ndoa likiwa tayari liko mahakamani, au baada ya ndoa kubatilishwa, kutengana au talaka. Na maombi ya talaka hayapokelewi kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mabaraza nayaheshimu, yameponya nyumba nyingi za watu waliokosana. Lakini Zuhura hakukosana na mtu. Huko ataketishwa karibu na anayemtetemesha, aambiwe azungumze kwa uhuru, kisha jioni warudi nyumba moja. Na shemeji unamjua, ana maneno laini, atawasalimia wazee kwa adabu zote, na atakayeonekana mkorofi ni yule anayelia.

Kuna mwenzangu kazini alishauri tumshtaki kwa lugha ya matusi, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Nimekiangalia. Kinadai matusi yawe ya namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Yule bwana hapigi kelele, anasema taratibu, watoto wamelala na taa imezimwa. Jirani hasikii kitu.

Na kinachoniuma ni kwamba hili si jambo geni duniani, wala si la Wazungu kama Mjomba Idrisa anavyodai. Uganda wana sheria ya ukatili wa majumbani tangu 2010 na Kenya tangu 2015, na zote mbili zinautaja ukatili wa kihisia na kisaikolojia kwa jina, pamoja na wa kiuchumi. Huko mtu anaomba amri ya ulinzi bila kugusa habari ya talaka, na anayeivunja amri hiyo anakuwa ametenda kosa. Afrika Kusini waliandika yao mwaka 1998, wakaeleza mpaka matendo yenyewe: matusi na kejeli za kurudiarudia, vitisho vya kumuumiza mtu moyo, wivu uliopindukia hadi kuingilia faragha na uhuru wake. Niliposoma orodha ile nilihisi walioiandika wamewahi kukaa sebuleni kwa Zuhura.

Halafu kuna Scotland. Sheria yao ya 2018 ndiyo inayonijibu lile swali la alama. Mwendesha mashtaka wao hatakiwi kuthibitisha kwamba aliyetendewa ameshaumia. Anaonyesha mwenendo wenyewe, kwamba mtu mwenye busara angeuona unaelekea kumdhuru mwenzi mwilini au akilini, na kwamba mtendaji alikusudia au hakujali. Macho yote yanakuwa kwa anayetenda. Hakuna anayemgeuza mwanamke huku na huku kutafuta kovu. Adhabu inaweza kufika miaka 14. Sisemi tuinakili, magereza yetu yanatosha kujaa, na mimi mwenyewe ningeanza na amri ya ulinzi kabla ya jela. Ila ule mtazamo wa kuangalia mwenendo badala ya jeraha ndio ninaoutaka.

Mjomba Idrisa tulibishana naye hadi chai ikapoa. Anasema kila ugomvi wa mume na mke utakuwa kesi, na kwamba sheria haina ruhusa ya kuingia chumbani. Hili la pili nilimjibu kwamba sheria iliingia chumbani tangu 1971, siku ilipokataza kipigo, na ndoa hazikufa. La kwanza lina uzito, sikulidharau. Watu wakikasirika wanatukanana, wananuniana, kesho wanacheka. Ndiyo maana lazima ipimwe hali inayojirudia, inayomwacha mmoja akiishi kwa kumwogopa mwingine. Mke anayemjibu mumewe "nenda zako" ana ugomvi. Mke anayefikiri mara tatu kabla ya kusema ana kiu, yuko mahali pengine kabisa. Mahakimu wetu wanaweza kutofautisha, wanatofautisha mambo magumu zaidi kila siku.

Tena isiandikwe kwa ajili ya wanawake peke yao. Baba Juma unamkumbuka, na mateso aliyoyapata mpaka akahamia kwa kaka yake. Kifungu cha 107 chenyewe hakikubagua, kilisema mwombaji.

Ushahidi nao upo, wasitutishe. Shemeji anaandika meseji. Anatuma sauti za WhatsApp saa nane usiku. Miamala ya simu inaonyesha nani anashika pesa ya nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, wewe ndiye uliyenifundisha hilo kwa simu wakati wa lile shauri la kiwanja. Bado kuna mwalimu wa watoto, kuna majirani, kuna mganga wa zahanati ambaye Zuhura humwendea kila mara na maumivu ya kichwa yasiyo na malaria wala presha.

Ninapokata tamaa nakumbuka kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zinavutana kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango. Kazi ile ilikuwepo siku zote, jasho lilikuwepo, kilichokosekana ni mahakama kukubali kuiona. Na hili la sasa lipo siku zote. Nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, ule mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na humo tafsiri ya ukatili dhidi ya wanawake inataja madhara ya kisaikolojia na ya kiuchumi bila kuuma maneno. Tumeshasema ndiyo mbele ya Afrika nzima. Bado kumwambia askari wa zamu.

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni Zuhura. Naomba uongee naye, umsikilize bila kumharakisha kwenye talaka, na uniambie kama kuna njia ambayo mimi siioni. Nimefikiria maombi ya kutengana, lakini naogopa ataonekana ndiye aliyeikimbia nyumba. La pili, sisi wasaidizi wa kisheria wa hapa tunaandika maoni tuyapeleke Tume ya Kurekebisha Sheria. Tunataka sheria ya ukatili wa majumbani inayosimama yenyewe, inayoutaja ukatili wa akili, na inayompa mtu amri ya ulinzi akiwa bado ndani ya ndoa yake. Rasimu nimeibeba mimi na lugha yake ni ya hasira. Inahitaji mkono wako.

Mama Shabani amesikia nahangaika na jambo hili, akaja kuniambia nisiingilie nyumba ya watu. Nilimpa kiti, nikampa juisi, na sikumjibu. Bado sijui kama ilikuwa heshima au hasira.

Sasa nijibu haya. Zuhura akiamua kuja Dodoma na watoto kwa wiki moja, pana nafasi kwako, au yule binamu yako bado anakaa? Cherehani iliyouzwa bila ridhaa yake, je, tunaweza kuidai peke yake kama mali yake binafsi, bila kugusa ndoa? Hilo likiwezekana nadhani litampa nguvu kuliko maneno yangu yote. Kule kwenu umewahi kusimamia shauri ambalo hakimu aliukubali ukatili wa akili bila kipigo chochote, na ushahidi ulioletwa ulikuwa upi? Askari wa dawati wakipewa mafunzo, kuna wanachoweza kufanya leo, kabla sheria haijabadilika? Na wewe mwenyewe hujambo kweli? Kile kifua kimepona? Mbona Neema anasema umekonda?

Niandikie upesi, hata mistari mitatu.

Shoga yako,
Eliza

N.B. Usimpigie Zuhura kwenye simu yake, wala usimtumie ujumbe, hata wa salamu. Alhamisi anakuja kliniki na mtoto na atapitia kwangu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Piga namba yangu saa hizo, nitampa simu.