Tairi la lori halipasuki kwa bahati mbaya

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwanagenzi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya wiki jana, ya mtu aliyeumizwa na gurudumu la lori akilijaza upepo nyuma ya nyumba yake, ilisema ni bahati mbaya na kwamba huenda jua la mchana lilichangia. Jua mnalisingizia bure. Gari dogo hutembea na psi 30 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Tairi la lori hujazwa psi 100 na zaidi. Tena malori mengi ya zamani yana rimu za inchi 20 za vipande: rimu yenyewe, na ringi ya chuma inayolishika tairi lisichomoke. Upepo ukijaa, ringi ile husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani kumi. Kama haikukaa sawasawa kwenye mfereji wake, itatoka, iwe mchana au usiku wa manane.

Mimi ni fundi wa magurudumu. Karakana niliyofanyia kazi Industrial Area ilikuwa na kizimba cha mabomba mazito cha kuzuia vipande visiruke, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye kompresa, kabla gurudumu halijaingia ndani yake. Nikirudi Kayole jioni nakuta kazi ile ile ikifanywa uani, chini ya kamba za nguo, watoto wamechuchumaa pembeni wakitazama.

Mwaka jana lori la mchanga liliingia kwenye ploti ya jirani likiwa na pancha. Dereva alikuwa amelisukuma hivyo hivyo, tairi limelala, ili asilale njiani. Wakabadilisha tyubu wenyewe, wakarudisha ringi, wakalilaza gurudumu chini na kuwasha kompresa. Nozeli yao haikuwa na kishikizo, kwa hiyo utingo, kijana mdogo tu, ilibidi ainame juu ya gurudumu akiishikilia kwa mkono. Upande mmoja wa ringi ukakataa kuingia. Hapo mtu hutoa upepo wote akaanza upya. Dereva akamwambia aigonge kwa nyundo huku upepo ukiendelea kuingia. Kijana akagonga. Ringi ikaruka, ikamvunja mkono juu ya kiwiko, ikapanda hadi ikatoboa bati la choo cha ploti. Nilipofika watu walikuwa wakinong'ona habari za mkosi na mkono wa mtu. Niliitafuta ringi nikaipangusa kwa kitambaa. Ukingo wake wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu hadi umebaki mwembamba kama ukucha, na namba zilizopigwa juu yake hazikulingana na za rimu. Ilikuwa ringi ya rimu nyingine! Mtu aliinunua kwenye vyuma kuukuu kwa sababu ilionekana kuenea. Mkosi uko wapi hapo? Dereva hakutoa hata nauli ya hospitali, na mwenye lori alisema kijana hakuwa ameandikwa kazi.

Msidhani wenye rimu za kipande kimoja wamesalimika. Tairi la nyaya, lile lenye nyaya za chuma ndani ya raba, likitembezwa bila upepo wa kutosha, nyaya za ubavuni hujikunja na kukatika ndani kwa ndani, na kwa nje huoni kitu. Ukilijaza tena, waya mmoja hukatika, mzigo unahamia kwa mwenzake, kisha ubavu mzima unafunguka kama zipu. Anayesikia vimilio vya kupasuka ndani ya tairi na akaendelea kusimama pale anacheza na uhai wake. Ndiyo maana tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake halijazwi upya kabla ya kuvuliwa na kukaguliwa ndani na nje. Wengine hulaza gurudumu ringi ikitazama ardhi wakidhani wamejikinga, kumbe gurudumu zima ndilo hurushwa juu. Wengine huchomelea rimu tairi likiwa bado juu yake. Raba hupata joto, gesi hujikusanya ndani, na tairi linaweza kulipuka hata kama upepo ulikuwa umetolewa.

Marekani walishaandika kanuni ya kazi hii mwaka 1980 kwa rimu za vipande, na 1984 wakaongeza za kipande kimoja: kizimba, nozeli inayojishika yenyewe kwenye valvu, geji ya kupimia upepo na mpira mrefu unaomweka fundi nje ya njia ya mlipuko. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, hata kama ni kwa muda tu. Uani kwa jirani yangu ni mahali pa kazi. Mtu akifia kazini, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Nani amewahi kumwona afisa huyo kwenye ploti?

Na kwa nini malori yanalala kwenye ploti? Siku ile lori lenyewe lilikuwa limeziba lango, na jingine limeegeshwa kwenye kona ya barabara ya kuingilia. Ambulensi isingepita. Yule kijana alibebwa kwa bodaboda, mkono umefungwa kwa leso. Kila usiku ni hivyo: vifuniko vya mitaro vimevunjika, mabomba ya maji yamepasuliwa, na saa kumi alfajiri injini zinaunguruma chini ya madirisha ya watu wanaolipa kodi ya nyumba.

Kaunti hutoza malori ada ya maegesho. Basi lori lisipewe stika bila kuonyesha mpira wa hewa wa mita tatu au zaidi, wenye nozeli ya kujishika upande mmoja, geji na valvu ya kufungia upande wa pili, na afisa aupime kwa futikamba mbele ya dereva. Na kila wadi yenye malori iwekewe kizimba kimoja imara karibu na ofisi ya chifu, kwa sababu pale pana lango na mtu wa kuulizwa.

Nanyi mhariri, mkipata tena habari ya namna hii, mtumeni mwandishi wenu aulize mambo matatu: je, upepo wote ulitolewa, kile kijisindano cha valvu kikachomolewa, kabla ya nati kulegezwa? Ringi ilikuwa ya rimu ile? Aliyekuwa akijaza alisimama wapi? Mchape majibu yake, na jina la mwenye lori.

Fundi wa magurudumu,
Kayole, Nairobi